Nyumba za Mabati: Fyuzi Pekee Haitoshi

Waya uliochubuka ukigusa mabati, nyumba nzima huweza kubeba umeme: kuta, fremu ya mlango, hata waya wa kuanikia nguo uliofungwa kwenye paa. Wakazi wengi hudhani fyuzi itawaokoa. Sivyo. Fyuzi ya ampea 5 hulinda nyaya zisiungue; mtu anaweza kuuawa na umeme usiofika hata sehemu moja ya kumi ya ampea moja.

Kinachomlinda mtu ni kifaa kiitwacho RCD. Hulinganisha umeme unaoingia nyumbani na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, yaani umeme unavuja, hukata mara moja.

Wenye nyumba, zikiwemo za kupangisha, wanashauriwa kumwita fundi mwenye leseni ya EPRA aweke RCD, aunganishe mabati na ethi, na apitishe nyaya ndani ya paipu. RCD haichukui nafasi ya ethi.

Bonyeza kitufe chake cha majaribio kila baada ya miezi 3. Umeme usipokatika, mwite fundi. Mabati yakikupiga shoti, usiyaguse tena. Zima swichi kuu ikiwa unaifikia salama, na uwaonye majirani.