Andika Alichokuambia Mnyapara

Ndugu msomaji, tuseme unafanya kazi kwenye mabwawa ya chumvi hapa Bagamoyo. Jumamosi mnyapara anakuambia, "Kesho njoo, utalipwa ziada." Unakwenda. Mwisho wa mwezi fedha hizo hazimo. Ukiuliza ofisini, meneja anakujibu, "Nani kakwambia?" Hapo utasema nini?

Sasa unajua kuandika. Nunua daftari dogo. Siku ile ile, kabla hujalala, andika tarehe, saa, mahali, nani kasema na nani kasikia. Andika maneno yake mwenyewe, hata kama yamekuudhi. Usiongeze chumvi, ya kazini inatosha. Tumia kalamu ya wino, wala usichane karatasi. Daftari likae nyumbani. Kama jambo ni kubwa, mpelekee meneja barua fupi: "Jana mnyapara aliniambia hivi." Wewe ubaki na nakala.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi na mshahara wako. Mkifikishana mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, naye hana maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha mlivyopatana ni wake. Lakini usibweteke, maana siku zinahesabiwa. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka malalamiko. Madai mengine, kama hayo ya malipo ya ziada, ni siku 60. Bila tarehe kwenye daftari, utaanza kuhesabu wapi?