Kitui na Makueni: Rekodi Zilizoandikwa kwa Katiba

Jaji Mkuu wa kwanza wa Kenya kuhojiwa hadharani kabla ya kupewa kazi ni mzaliwa wa Kitui. Mwaka 2011 Willy Mutunga, aliyewahi kuwekwa kizuizini enzi za Rais Moi, aliketi mbele ya makamishna wa Tume ya Huduma za Mahakama nchi nzima ikitazama, na gumzo kubwa mitaani likawa hereni yake. Alisema haivui, kazi aipate au aikose. Zamani jina la Jaji Mkuu lilitoka Ikulu, mwananchi akalisikia redioni.

Kitui hiyohiyo ndiyo iliyomkuza kisiasa Charity Ngilu. Mwaka 1997 yeye na Wangari Maathai walikuwa wanawake wa kwanza kugombea urais. Ngilu alimaliza wa tano. Mwaka 2017 akawa miongoni mwa magavana watatu wa kwanza wanawake.

Katiba mpya nayo Wakenya sote tuliisubiri kwa muda mrefu. Poland iliacha ukomunisti 1989, ikapata katiba kamili 1997. Kenya ilirejesha vyama vingi Desemba 1991, lakini katiba mpya ikazinduliwa Agosti 27, 2010. Kivutha Kibwana, profesa wa sheria kutoka Makueni, alikuwa mstari wa mbele kudai katiba mpya tangu miaka ya tisini.

Muhula mfupi: Mutula Kilonzo, Waziri wa Haki katiba ilipopita, alichaguliwa seneta wa kwanza wa Makueni Machi 2013, akafariki Aprili 27. Katika uchaguzi mdogo bintiye Kethi, wakili aliyekuwa ametoka kusimama mbele ya Mutunga katika kesi ya kupinga matokeo ya urais, alizuiwa kugombea kwa kuwa hakuwa kwenye daftari la wapigakura. Kakaye, Mutula Junior, akashinda.

Kubwa kuliko yote ni kisa cha Wote, makao makuu ya Makueni. Kibwana, wakati huo gavana wa kaunti hiyo, aligombana na wawakilishi wa wadi juu ya bajeti hadi, Septemba 2014, risasi zikafyatuliwa kwenye bunge la kaunti na watu wakajeruhiwa. Wananchi wakatia saini ombi la kuvunja serikali yao wenyewe, na gavana akaliunga mkono! Kifungu cha 192 cha Katiba kinaruhusu kaunti kusimamishwa, ila sheria inataka saini za asilimia 10 ya wapigakura, tume huru, rais aridhike, kisha Seneti ikubali. Makueni ilikuwa kaunti ya kwanza kufika kwenye tume. Tume ya Mohammed Nyaoga ilipendekeza isimamishwe. Septemba 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa, akawaambia wapatane.

Kwa maoni yangu alifanya vyema. Kaunti iliyovunjwa mara ya kwanza ingefungulia mlango kila gavana aliyechoshwa na bunge lake. Kibwana alichaguliwa tena 2017, na hadi leo hakuna kaunti hata moja kati ya 47 iliyosimamishwa kwa kifungu hicho.