Bima ya ujenzi Australia: Kwa nini mwenye nyumba hulipwa mwisho

MTU anayejengewa nyumba katika jimbo la New South Wales, Australia, hukabidhiwa cheti cha bima kabla ya mwanakandarasi kupokea hata senti ya malipo ya kwanza. Ndivyo inavyoagiza Sheria ya Ujenzi wa Makazi ya 1989, iwapo gharama ya kazi inazidi dola 20,000 za nchi hiyo. Wengi hukihifadhi cheti hicho kabatini wakiamini kwamba ukuta ukipata nyufa au paa likivuja, bima italipa.

Sivyo. Tangu Julai 1, 2002, bima hiyo imekuwa kimbilio la mwisho. Ubovu wa kazi pekee hautoshi. Sharti mwanakandarasi awe amekufa, ametoweka au amefilisika. Baadaye kukaongezwa kisa cha nne: aliyesimamishwa leseni kwa kukaidi amri ya kulipa.

Ukali huo ulifuatia kuanguka kwa kampuni ya bima ya HIH mnamo Machi 2001. Kampuni nyingine zilizobaki katika biashara hiyo nazo zilijiondoa baadaye, na 2010 serikali ya jimbo ikaubeba mzigo yenyewe.

Kwa hivyo, maadamu mjenzi yu hai na ana uwezo wa kulipa, mzozo ni wake na mwenye nyumba. Malalamiko huanzia kwa idara ya serikali, ambayo mkaguzi wake anaweza kuagiza kasoro zirekebishwe. Pasipopatikana mwafaka, kesi huenda mbele ya baraza la NCAT, linaloamua madai yasiyozidi dola 500,000.

Muda nao haumsubiri mtu. Dhamana ya kisheria hudumu miaka sita kwa kasoro kubwa, kama za msingi au kuta zinazobeba jengo, na miwili tu kwa nyinginezo. Mjenzi mjanja huahidi, huahirisha, hutuma vijana wapige plasta juu ya ufa, kisha kampuni yake hufilisika mwaka wa saba. Ndiyo maana inampasa mwenye nyumba aijulishe bima mapema, kwa maandishi, hata kabla hajastahili kulipwa, huku akiendelea kumfuata mjenzi bila kulegea. Bila notisi hiyo, dai la baadaye huwa limekufa.

Wanunuzi wa fleti katika majengo marefu hawana hata kimbilio hilo. Tangu mwisho wa 2003, majengo mapya ya fleti yenye zaidi ya ghorofa tatu hayalazimiki kuwa na bima hiyo. Mnamo Juni 2019, wakazi wa Mascot Towers jijini Sydney, jengo la fleti 132, waliamriwa kuhama baada ya nyufa kuonekana. Jengo lilikuwa limekamilika 2008, na dhamana ilikuwa imekwisha. Wamiliki wakajikuta wakichangishwa pesa za ukarabati huku wakilipia mikopo ya nyumba wasizoweza kulala ndani.

Sheria ya 2020 iliwapa wamiliki haki pana zaidi ya kuwashtaki wajenzi kwa uzembe, lakini kesi haiwezi kufunguliwa miaka 10 ikishapita tangu jengo kukamilika. Mwaka huo, Mascot Towers ilikuwa na umri wa miaka 12.