Wanafunzi wa Gitega waliowafungulia mlango watoto wa Mishamo

MWAKA 2009 nilirudi Burundi, nchi ambayo nilikuwa sijawahi kuiona kwa macho. Nilizaliwa Mishamo, Tanzania, walikokimbilia wazazi wangu baada ya mauaji ya mwaka 1972. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, kisha nikawa mwalimu. Tulipanda treni hadi Kigoma, tukavuka mpaka kwa magari, vyeti vyangu nimevifunga ndani ya mfuko wa nailoni.

Tulifikia Gitega, alikozaliwa marehemu baba. Kifaransa sikukijua hata neno. Bahati yangu ni kwamba Burundi ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na shule zilitafuta walimu wa Kiingereza. Nikapata kazi katika sekondari moja ya hapo mjini.

Mtoto wa kaka yangu hakuwa na bahati hiyo. Alikuwa na miaka 13 na Mishamo alikuwa amefika darasa la sita. Gitega walimrudisha darasa la tatu kwa sababu ya lugha, akakaa dawati moja na watoto wa miaka tisa. Jioni moja aliniambia, "Baba mdogo, kule nilikuwa wa pili darasani. Hapa nimekuwa bubu."

Hakuwa peke yake. Katika miaka ya 2008 na 2009 wakimbizi wa 1972 zaidi ya 50,000 walirejea kutoka Tanzania, wengi wakiwa na watoto waliosoma kwa Kiswahili. Nao walimu wa shule za msingi walikuwa wameelemewa. Ada ilifutwa mwaka 2005, watoto wakafurika madarasani. Mwalimu mwenye umati mbele yake atamsubirije mmoja asiyeelewa?

Siku moja, katika kipindi cha Kiingereza, nilisimulia habari ya kijana huyo ili wanafunzi wangu wapate sentensi za kutunga. Kengele ilipolia, watatu walibaki: wasichana wawili na mvulana. Mvulana akasema, "Mwalimu, utuombee chumba Jumamosi mchana. Asubuhi tuna kazi za jamii, lakini mchana tuko huru."

Mkuu wa shule akakubali. Wanafunzi wale wakachangishana faranga za chaki na daftari, wakapita nyumba kwa nyumba kuwaita watoto wa waliorejea. Jumamosi ya kwanza walikuja 20. Ya pili wakaja 11. Ya nne wakaja sita.

Kosa lilikuwa wazi, ila sisi hatukuliona. Wale vijana walifundisha kama walivyofundishwa: andika ubaoni, nakili, kariri. Mtoto aliyetoka kuaibika darasani wiki nzima alikuja kuaibika tena Jumamosi. Tulikuwa pia na boksi la vitabu lililotolewa na wafadhili wema wa Ulaya. Vilikuwa vizuri, vimejaa picha za theluji, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuvisoma. Boksi lile lilibaki kabatini.

Aliyetuokoa ni mmoja wa wale wasichana. Aliacha chaki akamuuliza mtoto wa kaka yangu, "Mishamo mlikuwa mkicheza nini?" Kijana akajibu kwamba walicheza duka. Basi wakafungua duka pale darasani. Mwuzaji anataja bidhaa kwa Kiswahili, mnunuzi anairudia kwa Kirundi, na wote wanaisema kwa Kifaransa. Mchele, umuceri, riz. Chumvi, umunyu, sel. Wanafunzi wa sekondari nao wakajifunza Kiswahili kutoka kwa watoto, wakakosea, wakachekwa. Kicheko kile ndicho kilichowarudisha watoto. Mimi mwenyewe nilikaa dawati la nyuma nikajifunza Kifaransa, nikisahihishwa na wanafunzi wangu.

Mwaka 2013 nilisafiri kwenda Muyinga kuwaona wakwe, nikafuatana na wawili kati ya wale watatu. Tulikwenda kuitazama maktaba ya shule ya watoto viziwi iliyojengwa mwaka 2012. Iliichora ofisi ya BC Architects ya Brussels, ikishirikiana na chuo cha usanifu majengo cha Sint-Lucas cha Ubelgiji na shirika la jimbo Katoliki, ODEDIM. Kabla ya kuchora, vijana wale walizunguka miezi miwili wakichunguza jinsi Warundi wanavyojenga. Matofali yake ni udongo wa hapohapo ulioshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa, mbao ni za mkaratusi, na ndani kuna wavu mkubwa wa kamba za katani ambamo watoto hujilaza wakisoma.

Yule msichana wa duka aligusa ukuta, akasema, "Mwalimu, hawa nao walianza kwa kuuliza."

Msomaji, sisemi kwamba tulishinda kila kitu. Mtoto wa kaka yangu alifaulu mtihani wa taifa wa darasa la sita. Leo anafanya biashara ya mchele kati ya Kabanga na Kobero, anapatana bei kwa Kiswahili na kujaza makaratasi kwa Kifaransa. Lakini wasichana wawili wa kundi lile waliacha shule kabla ya mtihani, mmoja akaolewa akiwa na miaka 16. Nilijua nyumba yao ilipo na sikwenda kubisha hodi. Hilo linanikera hadi leo.

Kisha ukaja mwaka 2015. Yule mvulana aliyeomba chumba, wakati huo akiwa chuoni, alikimbia nchi. Alivuka hadi kambi ya Nduta, Tanzania, nako akafundisha watoto chini ya mti. Alirejea mwaka 2018, akanitembelea. Aliniambia kwamba siku ya kwanza kambini alihangaika kuomba maji, ndipo yakamjia maneno ya Kiswahili aliyofundishwa na watoto wa Mishamo.

Kwa hiyo nawaambia ndugu zangu mliorejea, nanyi wafanyabiashara wa mpakani mnaoishi kwa lugha tatu kila siku: mtaani kwenu yupo mtoto aliyerudishwa madarasa matatu nyuma kwa sababu ya lugha. Msimletee boksi kwanza. Muulizeni alikotoka alikuwa akicheza nini, kisha mpeni Jumamosi mchana. Na akikosa kuja wiki mbili, nendeni mkabishe hodi.