Fahamu: Kobalti ya Kongo na usalama wa kiuchumi

Usalama wa kiuchumi ni nini?

Ni uwezo wa nchi kulinda uchumi wake usiyumbishwe na maamuzi ya wengine, yawe ya ushuru, marufuku ya biashara au kunyimwa teknolojia.

Kwa nini Kongo inatajwa?

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huchimba zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote duniani, madini ya betri za simu na magari ya umeme. Soko lilipofurika mzigo, bei iliporomoka. Februari 22, 2025, serikali ikasimamisha mauzo ya nje ya kobalti ili kulinda uchumi wa nchi, ikaongeza muda wa katazo hilo mwezi Juni, kisha kuanzia Oktoba 16 ikaweka mgao wa mauzo hayo. Kwa mwaka 2026 mgao huo ni tani 96,600. Bei imepanda zaidi ya maradufu, na kwa hilo serikali ya Kinshasa inastahili sifa.

Je, mgao unatosha?

Bado. Malori yanayovuka mpaka wa Kasumbalesa, kati ya Kongo na Zambia, kuelekea bandari za Dar es Salaam na Durban hubeba kobalti isiyosafishwa kikamilifu katika mifuko mikubwa, si betri. Sehemu kubwa husafishwa China, na ujuzi hubaki huko. Isitoshe, zipo betri za chuma na fosfeti zisizohitaji kobalti hata chembe, hivyo bei ikizidi wanunuzi wanaweza kuzikimbilia.

Mwaka 2022 Kongo na Zambia zilitia saini makubaliano ya kushirikiana kutengeneza betri. Pasipo viwanda vya betri hizo, mgao utapandisha bei tu. Ajira za kiwandani hazitafika Kolwezi, mji wa machimbo ya kobalti.