Kopo la stripu za sukari lisikae wazi

Mzazi mwenye mtoto wa kisukari aina ya kwanza hutoboa kidole cha mwanawe mara kadhaa kwa siku. Namba inayotokea kwenye mashine ndiyo inayoamua dozi ya insulini. Namba ikidanganya, dozi nayo inakosewa.

Sasa itazame stripu yenyewe. Kwenye ncha unapogusisha damu kumepakwa kimeng'enya. Hicho hukutana na sukari, umeme kidogo unazalishwa, mashine inausoma. Wazo hili lilianza kwa Leland Clark na Champ Lyons huko Marekani mwaka 1962, na bado ndilo linalotawala madukani. Lakini kimeng'enya ni protini, na protini haipendi joto wala unyevu (yai likishachemka halirudi ubichi). Watengenezaji wengi huandika kwenye boksi kuwa joto lisizidi nyuzi 30. Jikoni Dar es Salaam mwezi wa pili, nyuzi hizo hupitwa mapema tu.

Ndiyo maana watafiti wanatafuta stripu isiyo na kimeng'enya. Wanajaribu vitu viitwavyo MOF: metali kama nikeli, kobalti au shaba, zilizounganishwa na molekuli za kaboni zikawa kiunzi chenye vitundu vidogo mno, mfano wa sega la nyuki. Mwaka 2025 Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walipata Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yao juu ya viunzi hivyo. Hapa metali yenyewe ndiyo inayochukua elektroni za sukari.

Usikimbilie duka la dawa, bado. Vingi hufanya kazi vizuri kwenye alkali kali, na damu yetu haiko hivyo. Tena metali haichagui kama kimeng'enya. Hata vitamini C inaweza kuihesabu kama sukari.

Kwa hiyo ni kopo lilelile. Lifunge mara tu ukitoa stripu, usizihamishie kwenye mfuko, liweke mbali na jiko na dirisha. Mtoto anawe na kukausha mikono, maana utomvu wa embe kidoleni hupandisha namba. Na akitetemeka na kutoka jasho huku mashine ikisema sukari iko juu, usishike sindano: rudia kipimo kwa stripu ya kopo jipya, na umpigie daktari wake.