Fahamu: Waya mmoja, USB na samaki wa vizimba Kisumu
Mwishoni mwa 2022 samaki wengi wa vizimba walikufa upande wa Kisumu wa Ziwa Victoria, na upungufu wa oksijeni majini ukatajwa kuwa chanzo. Joto lina mkono hapo: maji ya juu yakipashwa na jua hujitenga na ya chini yaliyo baridi, kisha upepo ukiyavuruga, yale ya chini yenye oksijeni haba hupanda. Tofauti hiyo ya joto hupimika kwa vihisi vya DS18B20, vingi kwenye waya mmoja, kila kimoja na namba yake ya biti 64. Chipu ya DS2490 huunganisha waya huo na USB, na kiendeshi chake kimo ndani ya keneli ya Linux tangu miaka ya 2000. Kipimo husomwa kama faili tu.

Atakayesema joto si oksijeni hajakosea. Ila kipima oksijeni ni ghali na hutaka kusafishwa kila mara, ilhali vihisi hivi huonyesha mapema tabaka za maji zinapovunjika. Na kwamba chipu ni ya zamani? Hoja dhaifu: msimbo wa kiendeshi uko wazi, fundi wa ufuo wa Dunga, Kisumu, anaweza kuurekebisha bila kumbembeleza mtengenezaji. Usahihi wa kihisi ni nusu digrii, basi vilinganishe vyote ndani ya ndoo moja kabla ya kuvizamisha.